Mzazi Ashike Kamba, Mtoto Ashike Msumeno

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo Januari 2019, malalamiko kuhusu kazi za mikono zinazofanyiwa nyumbani hayajapoa. Wazazi husema kazi hizo ni zao wala si za watoto. Walimu nao huletewa vifaa ambavyo, kwa kuvitupia jicho tu, ni wazi vimetoka kwa fundi wa mtaani. Pande zote mbili zina haki ya kunung'unika. Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaotaka jamaa wa mtoto wakae kando kabisa. Hoja ni msaada wa namna gani.

Nilipomtembelea dadangu anayeishi Uingereza, nilikuta nyumba nzima imeshughulika na ngao. Mpwa wangu, msichana wa miaka 11, alikuwa amefundishwa Vita vya Hastings vya mwaka wa 1066, na kila mwanafunzi alitakiwa kuunda kifaa kimoja cha zama hizo. Yeye alichagua ngao ya Wanormani, ile pana juu na iliyochongoka chini, jinsi inavyoonekana katika kitambaa mashuhuri cha Bayeux, kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu na chenye urefu wa takriban mita 70.

"Mjomba, unajua kwa nini imechongoka?" aliniuliza. Kisha akanieleza kwamba ncha ile ndefu humkinga mpanda farasi mguu wa kushoto bila kumzuia farasi. Alikwisha kujua pia kwamba mafundi wa kale walipenda mbao nyepesi zisizopasuka ovyo, wakazifunika kwa ngozi, kwa kuwa ngao nzito humchosha askari kabla adui hajafika. Somo hili la uzito hakulipata kitabuni. Mchoro wake wa kwanza ulimfika mabegani. Nyanyake akamwambia abebe ubao wa kimo hicho auzunguke ua mara tano. Alizunguka mara mbili, akarudi kupunguza vipimo mwenyewe.

Shemeji yangu ni hodari wa useremala, na angeimaliza kazi ile kwa jioni moja. Hakufanya hivyo. Binti alikata plaiwudi mbili nyembamba kwa msumeno wa mkono, akazipaka gundi, akazibandika pamoja na kuzilaza juu ya gogo ili zipate mpindo. Hapo ndipo nguvu za mtoto zilipokoma, na hapo ndipo babake alipoingia: alizikaza kamba, akazifunga, akaondoka. Ukingo mmoja ulitoka umepinda kama mkia wa mbwa. Niliona mkono wa shemeji ukiinyemelea randa, kisha akaurudisha mfukoni. Binti akausugua ukingo ule kwa msasa siku mbili. Vishikio vilitokana na mshipi mkuukuu, pamoja na mkanda mrefu wa kuitundika ngao shingoni wakati mikono yote miwili inapohitajika.

Kuhusu picha ya kuchora, alikuwa huru. Mnamo 1066 desturi ya nembo za kurithiwa za koo za kikabaila haikuwa imekomaa. Ngao za Bayeux zina misalaba na majoka ya kila namna. Akachora jogoo mwenye shoka, yule aliyemwona kwenye pasipoti ya mamake.

Mwalimu alipoipokea hakuuliza iligharimu pesa ngapi, wala hakuusema ukingo. Alimtaka aeleze kwa nini vishikio viko pale vilipo, na alipindaje mbao. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa na mtoto aliyenunuliwa kazi yake. Walimu wetu wana uwezo wa kuuliza vivyo hivyo, na dakika mbili zatosha; darasa la wanafunzi 60 litahitaji kugawanywa kwa siku kadhaa, nalifahamu hilo.

Gharama isiwe kisingizio. Plaiwudi ile ilikuwa mabaki ya kabati, na hapa kwetu masanduku ya matunda hutupwa kila soko linapofungwa. Wala hatulazimiki kwenda Hastings. Katikati ya bendera yetu mna ngao ya Kimaasai, ambayo wenyewe waliiunda kwa ngozi ya nyati. Kwa nini nyati, wala si mbuzi? Mwalimu aliye na gredi ya sita anaweza kuanza na swali hilo Jumatatu asubuhi, kabla ya kumtuma mtoto yeyote nyumbani kutafuta mbao.