Aliye juu, uhai wake u mikononi mwa walio chini

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayekimbilia makuu bila kufikiria mwisho wake. Lakini mjini Thika na Ruiru wako watu ambao kwao maneno hayo si fumbo hata kidogo, bali ni kazi ya mkono. Hao ni wapanda miti, mafundi ambao huitwa pindi mti mkubwa unapoinamia nyumba ya mtu. Ngoma yao hasa ni kuuteremsha mti wenyewe, tawi baada ya tawi, bila kuvunja hata bati moja.

Ili msomaji aelewe chanzo cha kazi hii, hana budi kukumbuka jinsi sehemu hizi zilivyokuwa. Nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika ilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa. Hata aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 iliitwa Ruiru 11, kwa kuwa kituo cha utafiti wa zao hilo kiko huko. Katika mashamba hayo ilipandwa miti ya kivuli, hasa ule ambao Wakikuyu huuita mukima. Kando yake ilisimama mikaratusi, iliyoletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili itoe kuni za gari la moshi. Miti yote miwili asili yake ni Australia.

Leo mashamba mengi yamekatwa ploti. Mibuni imeng'olewa na nyumba zimejengwa, lakini miti mingine imebaki palepale. Zamani mkaratusi ungeweza kukatwa shinani na kuangukia shambani bila madhara. Sasa upande huu kuna paa, upande ule kuna ukuta wa jirani, na mbele zimepita nyaya za stima. Mti hauna pa kuangukia. Ndipo mpanda miti huitwa.

Huko pwani mkwezi hupanda mnazi, akaangua nazi na kuziacha zianguke zenyewe. Mwenzake wa Ruiru hana nafasi hiyo. Tawi la mkaratusi lenye unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 3, likiwa bichi, huweza kuwa na uzito wa kilo 90 hivi, nao ni uzito wa gunia zima la mahindi. Likiachiliwa hivi hivi, paa halitalihimili.

Kwa hiyo kazi yote imo katika kamba, na kamba ni mbili. Ya kwanza ni ya mtu mwenyewe, nayo humzunguka kiunoni na kumfunga kwenye shina. Ya pili ni ya tawi. Mpanda miti mwenye akili hazichanganyi kamba hizi hata siku moja. Kamba ya tawi hupitishwa kwenye panda imara iliyo juu zaidi, au kwenye kapi kama lipo, kisha ncha yake hushushwa hadi chini. Huko huzungushwa mara mbili au tatu kwenye shina, na hapo ndipo penye siri ya kazi. Ule msuguano wa kamba na gome humwezesha mtu mmoja kuzuia mzigo unaomshinda uzito. Hukaza na kulegeza kidogo kidogo, nalo tawi likashuka polepole.

Anayeshika kamba asiwe na papara. Tawi likianguka kidogo kisha likazuiwa ghafla, mvuto wake huwa mara kadhaa ya uzito wake wa kawaida, na kamba nzima huweza kukatika. Kamba ya katani iliyooza kwa mvua ni hatari zaidi, na ndiyo maana wengi hupendelea nailoni.

Kukata nako kuna adabu yake. Tawi likikatwa kwa juu tu, huvunjika kabla ya wakati na kuchuna gome la shina. Kwa sababu hiyo fundi huanza kwa mkato mdogo upande wa chini, halafu hukata juu, mbele kidogo ya mkato ule. Mwishowe husafisha kisiki kilichobaki, ila haigusi ile shingo iliyovimba mahali tawi linapoungana na shina, kwani hapo ndipo mti hujiponyea kidonda. Kilele nacho hukatwa kinywa upande kitakaoangukia, kisha hukatwa kwa nyuma na kuachwa ukanda mwembamba wa mti unaofanya kazi ya bawaba.

Si kila mti huguswa ovyo. Mugumo una heshima yake miongoni mwa Wakikuyu, na Thika yenyewe ina kisa chake. Mtabiri Mugo wa Kibiro husimuliwa kuwa alisema utawala wa wageni ungekoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Mti huo ulianguka mwaka 1963, na Desemba 12 mwaka uo huo Kenya ikapata Uhuru.

Tukirudi kwa fundi wetu, shida yake kubwa si urefu wa mti. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, humtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake. Lakini mtu aliyeitwa asubuhi kukata mti mmoja na kulipwa jioni, aghalabu hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa yeyote. Akianguka, jamaa zake ndio watakaochanga pesa za hospitali.

Na mwenye mti naye hushindania bei. Huona ni ghali kuwalipa watu watatu ilhali anayeonekana juu ni mmoja, hivyo husihi aje mmoja tu. Hajui kwamba wale wawili wa chini ndio paa lake, na ndio uhai wa yule aliye juu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Katika kazi hii asiyekuwa na wa kumngoja chini, tena aliyeshika kamba barabara, ni heri asipande.