Kwa nini kwenda New York huchukua muda kuliko kurudi Nairobi

MSAFIRI anayepanda ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, husafiri kwa takriban saa 15. Arudipo, safari hiyo hiyo humchukua karibu saa 14.

Masafa kati ya viwanja hivyo ni kama kilomita 11,800, yakipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo huonekana imepinda ikichorwa kwenye ramani. Huelekea kaskazini magharibi, hukata jangwa la Sahara, na nusu ya safari huangukia karibu na mji wa Marrakech, Moroko, kabla ya kuvuka bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, ndege hailazimiki kufuata mstari huo. Sudan ilipofunga anga yake kufuatia vita vilivyozuka Aprili 2023, ndege zililazimika kuizunguka.

Ndege aina ya Boeing 787 huenda kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa, kwa hivyo masafa hayo yangemalizika kwa saa 13 na dakika chache. Muda unaozidi hutokana na kupaa, kutua, kukwepa hali mbaya ya hewa na, zaidi ya yote, upepo. Katika anga za juu za Atlantiki huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Huikabili ndege inayoelekea Marekani na kuisukuma inayorejea.

Kizingiti kingine ni mwinuko. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hupata shida kuinua mzigo. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu huenda ikalazimika kupunguza abiria au shehena, na hasara hiyo humwangukia mwenye ndege. Kuondoka usiku, wakati wa baridi, hupunguza tatizo hilo.

Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari hiyo Oktoba 28, 2018, baada ya Kenya kuidhinishwa na Marekani kwa viwango vya usalama wa anga Februari 2017. Awali, abiria walilazimika kubadilisha ndege katika nchi nyingine.

Wanaowapokea jamaa wao wazingatie tofauti ya saa, ambayo ni nane majira ya baridi na saba kuanzia Machi hadi Novemba. Majira ya baridi, anayeondoka Nairobi saa tano usiku hufika New York saa kumi na mbili asubuhi. Anayeondoka huko saa sita mchana hutua Nairobi saa nne asubuhi, siku inayofuata.