Moshi mweusi wa jenereta majini: Chanzo chake ni chumba cha mwako

WAKAZI wa mtaa wa Obunga jijini Kisumu wamezoea moshi. Kwa miaka mingi akina mama wa mtaa huo wamejipatia riziki kwa kukaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu.

Hata hivyo, kuna moshi mwingine ambao biashara nzima ya ziwa huomba usionekane: ule mweusi unaofuka kutoka kwa jenereta ya dizeli.

Stima inapokatika nchi kavu, ni jenereta inayozuia samaki kuoza katika vyumba vya baridi. Majini mambo huwa mazito zaidi. Katika meli ya mizigo kama MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960 na kurejea ziwani mwaka 2019 baada ya kukaa gatini kwa miaka mingi, taa, redio na pampu za kutoa maji chini ya meli huhitaji umeme unaozalishwa humo humo chomboni. Jenereta ikizimika usiku, nahodha hubaki gizani.

Uhai wa injini hiyo huamuliwa na nafasi ndogo iliyo kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Nafasi hiyo ndiyo chumba cha mwako.

Injini ya dizeli, iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel katika miaka ya 1890, haiwashi mafuta kwa cheche kama ile ya petroli. Pistoni huibana hewa hadi ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kazi yote hiyo hufanyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Ugumu ni kuyachanganya mafuta na hewa kabla ya nafasi hiyo kupita. Wahandisi wamelitatua tatizo hilo kwa njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kutenga chumba kidogo kando ya silinda. Mjerumani Prosper L'Orange alibuni mtindo huo mwaka 1909. Mafuta huanza kuwaka katika chumba hicho, kisha mwali huchomoka kwa nguvu na kuingia katika silinda. Injini ya aina hii haina kelele nyingi, wala haihitaji mafuta yanyunyizwe kwa ustadi mkubwa. Kasoro yake ni kwamba joto jingi hupotelea kwenye kuta, hivyo hutumia mafuta zaidi na huwa nzito kuwaka ikiwa baridi.

Ya pili ni kuyanyunyiza mafuta moja kwa moja katika bakuli lililochongwa kichwani mwa pistoni. Nozeli huwa na matundu kadhaa membamba, nalo bakuli huizungusha hewa ili ikutane na kila tone. Mtindo huu hubana matumizi ya mafuta, na ndio unaotumika katika jenereta nyingi za meli siku hizi.

Hapo ndipo hatari ya vipuri vya kubahatisha inapojitokeza. Nozeli ya injini ya aina ya kwanza ikifungwa katika ile ya pili, mafuta hugonga ukuta wa silinda badala ya kuchanganyika na hewa. Huosha oili inayolainisha silinda, hutoa moshi mweusi na huweza hata kuichoma pistoni. Gasketi nene kupita kiasi nayo hupunguza mbano. Ikiwa nyembamba mno, pistoni huweza kugonga valvu.

Kisumu ina changamoto yake pia. Mji huo uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni haba kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na chaja ya kusukuma hewa, iliyopimiwa mafuta ya pwani, itapewa mafuta mengi kuliko hewa yake.

Aidha, jenereta kubwa inayowasha taa chache tu kwa saa nyingi hujidhuru. Chumba cha mwako hakipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi hugandamana kwenye nozeli na valvu.

Madhara hayaishii kwenye chuma. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaoupumua kwanza ni mabaharia na mafundi.

Rangi ya moshi humwonya mapema mwenye macho. Mweusi humaanisha mafuta yamezidi hewa. Mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua. Wa samawati, oili inaungua. Fundi anayeusoma na kuifungua nozeli gatini humwepushia nahodha giza la katikati ya ziwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.