Je, Wajua? Jiwe Lililotangulia Kanisa

Katika kijiji cha Rudston, mashariki mwa Yorkshire nchini Uingereza, kuna jiwe moja lililosimama wima kati ya makaburi, hatua chache tu kutoka ukuta wa Kanisa la Watakatifu Wote. Urefu wake ni mita 7.6. Katika Britania nzima hakuna jiwe refu kuliko hilo lililosimamishwa na watu wa kale. Hata yale mashuhuri ya Stonehenge hayalifikii.

Mgeni hudhani ni ukumbusho uliowekwa na waumini. Sivyo. Jiwe ndilo mwenyeji, kanisa ndilo mgeni. Kanisa lilijengwa na Wanormani karibu mwaka 1100, wakati jiwe lilikuwa limekwisha kusimama pale kwa zaidi ya miaka 2,500. Tena halikuokotwa hapo kijijini. Ardhi ya Rudston ni ya mawe meupe ya chaki, ilhali hili ni jiwe la mchanga mgumu, la aina inayopatikana pwani ya Cayton, yapata kilomita 16 kutoka hapo. Watu waliolikokota umbali huo walikuwa na sababu nzito: kuzunguka kijiji bado kuna alama za njia nne ndefu, zinazodhaniwa kuwa za ibada, zilizochimbiwa mitaro kandokando.

Mbona Wakristo hawakuling'oa? Huenda jibu liko katika agizo la kale. Mwaka 601, Papa Gregori aliagiza kwamba mahekalu ya wapagani wa Uingereza yasibomolewe: sanamu zivunjwe, maji ya baraka yanyunyizwe, altare zijengwe, ili watu waendelee kuabudu mahali walipopazoea. Si wote waliofuata njia hiyo. Huko Goodmanham, Yorkshire hiyohiyo, mwanahistoria mtawa Bede anasimulia kwamba mwaka 627 Coifi, kuhani mkuu wa wapagani aliyeukubali Ukristo, alipanda farasi, akalirushia hekalu lake mwenyewe mkuki, kisha akaamuru lichomwe moto.

Wenyeji wa Rudston wana hekaya yao: shetani alilirusha jiwe hilo alibomoe kanisa, akakosa shabaha. Hekaya hiyo imepindua historia, maana jiwe halikulifuata kanisa. Kanisa ndilo lililolifuata jiwe. Nami nawashukuru waashi wale wa Kinormani. Wangeweza kulipasua wapate mawe ya ukuta, lakini waliliacha.

Msomaji, ukijaliwa kufika Yorkshire, pita Rudston ulione. Uwanja wa kanisa uko wazi, na hakuna kiingilio.