Chama kilichobeba jina la mji wetu: viongozi wa RCD walitoka kazi gani?

Kila wakati wa kampeni kuta za mji wetu, kuanzia Birere mpaka Katindo, hujaa picha za wagombea. Chini ya picha huandikwa kazi walizofanya: profesa, munganga, avoka, mkurugenzi, waziri wa zamani. Tunasoma, tunatikisa kichwa, tunasema, "Huyu amesoma." Kisha tunaendelea na bidoni yetu ya maji.

Vikundi kadhaa vimeomba tuandike juu ya jambo hili: kazi ya nyuma ya kiongozi inatuambia nini juu ya kazi atakayoifanya? Badala ya kusema juu juu, tumechagua chama kimoja ambacho kila nyumba ya Goma inakijua, hata kama watoto wetu wengi hawakuwa wamezaliwa. Ni RCD, Rassemblement congolais pour la démocratie, ambacho watu walikiita RCD-Goma kwa sababu makao yake yalikuwa hapa.

Kilizaliwa Agosti 1998, na kilizaliwa na bunduki. Vita dhidi ya Laurent-Désiré Kabila vilianza tarehe 2 mwezi ule, vikisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, na baada ya siku chache kundi la wanasiasa likajitokeza Goma kama uongozi wake. Ukiyatazama majina yao kwenye karatasi tu, ungesema nchi imepata bahati. Serikali chache za Afrika zilikuwa na wasomi wengi namna ile kwenye meza moja.

Rais wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mtoto wa Bas-Congo, aliyezaliwa 1942. Alisoma Marekani, akafundisha historia miaka mingi kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipokuja kutembelea nyumbani 1981, serikali ya Mobutu ilimkamata na kumfunga kwa sababu ya maandishi yake. Aliongoza CODESRIA, baraza kubwa la watafiti wa Afrika, na mwaka 1997 alipewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Kitu alichokiandikia sana ni baraza la kijiji, pale watu wanapokaa chini na kuzungumza mpaka waelewane. Wamama tunalijua baraza hilo vizuri: ndilo tunalolifanya likelemba inapoingia ugomvi.

Karibu naye alikuwa Arthur Z'ahidi Ngoma, aliyefanya kazi UNESCO na aliyekuwa amefungwa na Kabila kwa sababu ya upinzani wake. Alikuwepo Lunda Bululu, waziri mkuu wa Zaire kati ya 1990 na 1991. Alikuwepo Bizima Karaha, munganga kwa masomo, ambaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Kabila mwenyewe mpaka vita vilipoanza. Na Azarias Ruberwa, avoka kutoka milima ya Kivu ya Kusini, aliyesomea sheria Lubumbashi.

Sasa tuulize swali la mama wa soko. Kati ya hao, nani alikuwa ameongoza komini ya Goma? Nani alikuwa ameendesha kituo cha afya cha Masisi, au shule ya Rutshuru, au hata kusimamia soko la Virunga kwa mwaka mmoja? Utumishi wao ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa mbali: Dar es Salaam, Kinshasa, Ulaya. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepigiwa kura na sisi. Anayeletwa na kura anajua kwamba kura inaweza kumtoa. Yeye aliyeletwa na jeshi, macho yake yanabaki kwa jeshi.

Yaliyompata profesa yanaonyesha hilo wazi. Haukupita hata mwaka mmoja, na Mei 1999 Wamba dia Wamba akaondolewa kwenye uongozi. Alihamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda, na chama kikagawanyika mara mbili, baadaye tena na tena. Mtu aliyeandika maisha yake yote juu ya kuzungumza mpaka kuelewana alijikuta na chama ambamo maneno hayakuwa na uzito. Majeshi ya Rwanda na Uganda, waliokuwa rafiki, yalipigana wenyewe kwa wenyewe katikati ya Kisangani, na vita vya siku sita vya Juni 2000 viliua raia wengi waliokuwa ndani ya nyumba zao.

Goma, kiti kilichukuliwa na Emile Ilunga, munganga, mtu wa Katanga aliyeishi uhamishoni Ubelgiji. Mwishoni mwa 2000 akafuatwa na Adolphe Onusumba, naye munganga. Waganga wawili mfululizo! Mama mwenye mtoto mgonjwa angetegemea kwamba hospitali ndiyo itakuwa kazi ya kwanza. Lakini munganga anapokaa kwenye kiti cha vita, anakuta vita vina njaa yake. Mwaka ule bei ya koltani ilikuwa imepanda sana duniani, na Novemba 2000 uongozi wa chama uliipa kampuni moja peke yake, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje, ili kila kilo ilete ushuru kwenye sanduku la chama. Mpango ule ulikufa baada ya miezi michache tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu yake katika ripoti yao ya Aprili 2001, kati ya mambo mengine mengi ya namna mali ya mashariki ilivyokuwa ikitoka. Na Mei 2002, baada ya askari kuasi Kisangani, wanajeshi wa chama waliua raia wengi wa mji ule. Rais wa chama wakati huo alikuwa bado munganga.

Hatusemi hivi ili kuwadharau waganga au maprofesa. Tunasema kwamba diploma inakuonyesha mtu alijifunza nini. Haikuonyeshi atafanya nini siku mwenye bunduki atakapokuja kugonga mlango wake.

Kuna tarehe moja ambayo hatuwezi kuiruka. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto wa mlima ulishuka katikati ya mji mpaka ziwani, ukaimeza kathedrali, sehemu ya barabara ya ndege na maelfu ya nyumba. Watu wengi sana walikimbilia Gisenyi, na wengi walirudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado ya moto. Kama unataka kujua utumishi ni nini, waulize bibi zetu nani aligawa uji wiki ile na nani alikusanya watoto waliopotea. Majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote.

Vita vikubwa vilipelekwa mezani Sun City, Afrika Kusini, na makubaliano ya mwisho yakapitishwa Aprili 2003. Ikaja serikali ya mpito tuliyoiita 1+4: rais mmoja na makamu wanne. Ruberwa, avoka, akawa mmoja wa makamu hao, akishika tume ya siasa, ulinzi na usalama. Z'ahidi Ngoma, aliyekuwa ameacha RCD mapema, naye akawa makamu kwa jina la upinzani usio na silaha. Onusumba baadaye alipewa wizara ya ulinzi. Profesa Wamba akawa seneta. Alifariki Kinshasa Julai 2020. Kwa hiyo RCD ikawa chama kama vyama vingine, na kwa mara ya kwanza ikabidi iombe kura.

Kura ilijibu. Julai 2006, katika uchaguzi wa rais, Ruberwa alipata chini ya asilimia 2 ya kura za nchi nzima. Bungeni chama kilipata viti 15 kati ya 500. Chama kilichotawala sehemu kubwa ya mashariki kwa miaka karibu mitano! Ruberwa mwenyewe hakupotea. Miaka kumi baadaye alirudi serikalini kama waziri wa ugatuzi, yaani kazi ya kupeleka madaraka kwa mikoa na komini. Anayependa mafumbo atapata la kufikiri hapo.

Tuwatazame pia magavana, kwa sababu wako karibu zaidi na sufuria yetu. Eugène Serufuli aliwekwa na RCD mwaka 2000 na akabaki mpaka 2007. Baada yake alikuja Julien Paluku, aliyekuwa meya wa Beni kabla ya hapo, akichaguliwa na bunge la mkoa ambalo wabunge wake tuliwachagua sisi. Alikaa mpaka 2019. Wote wawili walikuja kuwa na vyama vyao, UCP kwa mmoja na BUREC kwa mwingine. Angalieni mpangilio: kwetu mara nyingi cheo kinatangulia, chama kinafuata. Kwa hiyo mtu akituambia aliwahi kuwa gavana au waziri, huo ni mwanzo tu wa mazungumzo. Barabara gani ilitengenezwa? Walimu walilipwa? Alipotoka, aliacha nini ofisini, na aliondoka na nini?

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye uongozi, na mfano wake uko jirani, Ituri. Mwaka 2003, Bunia ikiwa bado inavuja damu, watu wa Ituri walimchagua mama Pétronille Vaweka aongoze bunge lao la muda. Baadaye akawa komisa wa wilaya. Alijulikana kwa kwenda mwenyewe kuzungumza na wakubwa wa makundi ya silaha, bila jeshi nyuma yake. Mwaka 2023 taasisi ya amani ya Marekani ilimpa tuzo yake ya wanawake wajenzi wa amani. Hakuhitaji chama kikubwa ili watu wamwamini.

Sheria sasa inatufungulia mlango kidogo. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2006 inadai wanawake wawe na nafasi sawa katika taasisi, na marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya 2022 yanasamehe malipo ya dhamana kwa orodha yenye nusu ya wanawake. Wamama, mjihadhari hapo. Kuna vyama vinavyotafuta majina ya wanawake ili kuokoa pesa tu. Mkiombwa jina, ulizeni kwanza mtawekwa nambari ya ngapi kwenye orodha, na nani atalipa kampeni.

Desemba 2023, jirani zetu wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura kwa sababu ya vita. Hapa mjini tulipiga, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na karatasi ya madiwani wa komini, Goma na Karisimbi. Hao hawatoki Dar es Salaam wala Brussels. Ni watu wa avenue yetu. Tunajua nani alishika funguo za robine ya kartie na kama maji yalitoka. Tunajua nani alikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi, na nani aliacha kuja mikutanoni siku daftari la pesa lilipoombwa.