Ahadi zenu za harusi zinasomwa na nani?

Kama umewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi, haya ninayokusimulia hutahitaji kuelezwa mara mbili. Na kama hujawahi, jiandae tu, zamu yako inakuja!

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa. Shemeji yetu ni mwalimu kule Isikizya, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Kamati yenyewe ilikuwa imetawanyika kama nyuki. Mwenyekiti alikuwa Tabora mjini, mweka hazina Isikizya, wajomba Nzega na Mwanza, na mimi katibu nipo zangu Dar es Salaam. Kukutana kila Jumapili ilikuwa ndoto. Nikaona isiwe taabu, nikafungua faili la Google Sheets.

Faili lilikuwa zuri, siyo siri. Jina, namba ya simu, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Mwishoni niliweka safu moja ya maelezo kwa ajili yetu watatu tu, viongozi wa kamati. Humo tuliandika mambo yetu ya ndani. Mbele ya jina la mjomba mmoja wa bwana harusi niliandika hivi: “Anaahidi sana, halipi. Asipewe kadi ya watu wawili mpaka amalize.” Kisha nikaificha safu ile isionekane, nikajiona mjanja.

Halafu nikabandika linki kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia moja, na kuruhusu yeyote mwenye linki aingie na kuandika, ili kila mtu ajaze ahadi yake mwenyewe. Nilisifiwa huyo! Katibu wa kisasa, harusi ya kidijitali, na kadhalika.

Simu kwa mama mkubwa

Wiki mbili baadaye mama mkubwa aliyeko Nzega alipigiwa simu. Kijana mwenye sauti ya heshima akamwamkia shikamoo, akasema anatoka kamati ya harusi. “Mama, ahadi yako ilikuwa laki moja, tumeshapokea elfu arobaini, tunashukuru sana. Ile elfu sitini iliyobaki tunaomba uitume kwenye namba hii, laini ya mweka hazina ina matatizo.”

Sote tunaujua utapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mama mkubwa naye anaujua. Lakini huyu alijua jina lake, ahadi yake, alichotoa na alichobakiza mpaka shilingi ya mwisho. Ungekuwa wewe ungekataa? Alituma. Siku hiyohiyo watu watatu walipigiwa, na wawili walituma.

Kama vile hayo hayatoshi, jioni picha ikaingia kwenye grupu. Ni ile safu yangu ya siri, imefunuliwa, maneno yote yanasomeka. Mjomba akaandika mstari mmoja tu, “Nimeona mnavyoniandika”, akajitoa.

Usiku shemeji akampigia mdogo wangu. Kwa nini dada yako anawadharau ndugu zangu? Mdogo wangu akanitetea, shemeji akakasirika, na wachumba waliokuwa wamebakiza wiki tatu kufunga ndoa wakakaa siku mbili bila kusemeshana. Loh! Mimi nililia.

Nilikosea wapi?

Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyevunja mlango. Mlango niliuacha wazi mwenyewe.

Kosa la kwanza ni linki. Faili lililofunguliwa kwa “yeyote mwenye linki” halimuulizi mtu yeye ni nani. Mmoja akiituma kwa rafiki, na rafiki akaituma kwingine, wote wanaingia. Hata ukimtoa mtu kwenye grupu, linki anabaki nayo. Nilipofungua faili siku ile ya balaa nilikuta juu yake majina ya wanyama badala ya majina ya watu. Ndivyo Google inavyowaonyesha walioingia kwa linki bila kualikwa mmoja mmoja. Wanyama wanne wanasoma namba za simu za ukoo mzima, na sijui hata mmoja ni nani!

Kosa la pili ni kumpa kila mtu kalamu. Shangazi aliyetaka kujaza ahadi yake tu alikuwa na uwezo uleule wa mweka hazina. Angeweza kufuta mstari wa jirani kwa bahati mbaya, au mtu mwenye nia mbaya angegeuza elfu ishirini ikawa laki mbili.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi: nilidhani kuficha ni kufunga. Safu au ukurasa uliofichwa kwenye jedwali hufunuliwa kwa kubonyeza mara mbili tatu na yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri. Hata mwenye ruhusa ya kusoma tu, akiweza kutengeneza kopi yake, atafunua huko kwenye kopi.

Na kosa hili si la makatibu wa harusi peke yao. Tarehe 8 Agosti 2023, Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu swali la mwananchi kwa kumpa faili la Excel. Ndani yake kulikuwa na ukurasa uliofichwa, wenye majina ya ukoo, vyeo na vitengo vya askari na watumishi wao wote, zaidi ya 9,000. Faili likakaa kwenye mtandao zaidi ya saa mbili. Katika nchi ambayo polisi wamekuwa wakiwindwa na vikundi vyenye silaha, hilo ni suala la uhai. Oktoba 2024 mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliwatoza faini ya pauni 750,000.

Livingstone naye yalimkuta

Watu wa Tabora tulipaswa kulijua somo hili mapema. Enzi za misafara, mali ya mtu ilikaa miezi kwa miezi mikononi mwa wengine, kutoka pwani hadi Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe hadi Ujiji. Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji akiwa hoi, akitegemea kukuta bidhaa alizotumiwa. Akakuta hamna kitu. Mtu aliyekabidhiwa alikuwa ameziuza zote, akidai kwamba alijua mwenyewe ameshafariki! Siku chache baadaye Stanley akatokea na msaada, na Februari 1872 wawili hao wakafika Kwihara, pale ambapo leo watalii wanaonyeshwa Tembe la Livingstone.

Kosa la yule mlinzi ni lake. Lakini tuulize pia: kwa nini mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuuza kila kitu, na mwenye mali asijue mpaka afike? Hapo ndipo mimi na Livingstone tunapofanana.

Fanya hivi, usijute kama mimi

1. Funga linki kwanza. Kwenye kitufe cha kushirikisha faili, ondoa “yeyote mwenye linki” na uweke walioalikwa tu, kila mmoja kwa anwani yake ya barua pepe. Ni kazi ya dakika kumi, lakini utajua nani yumo ndani.

2. Gawa ruhusa kwa kazi, siyo kwa heshima. Google Sheets ina ngazi tatu kwa wageni wa faili: kusoma tu, kutoa maoni, na kuhariri. Anayeingiza hela ni mweka hazina, basi ahariri yeye na katibu. Mwenyekiti anakagua, atoe maoni. Baba mkubwa anaheshimiwa sana, lakini haandiki hesabu, asome tu. Siyo dharau. Siku hesabu ikipotea, asiyekuwa na kalamu hatashukiwa.

3. Linda safu za hela. Hata kati ya wanaohariri, unaweza kulinda safu au ukurasa mzima ili mtu mmoja au wawili tu ndio waweze kuubadilisha. Fanya hivyo kwenye kompyuta, ni rahisi kuliko kwenye simu. Lakini angalia: ulinzi huu unazuia kuandika, hauzuii kuona. Usiutumie kuweka siri.

4. Siri ipewe faili lake. Namba za simu na maelezo ya ndani yakae kwenye faili la viongozi peke yao. Watu wa grupu wape muhtasari wa kusoma tu: jumla iliyoahidiwa, iliyopatikana, iliyobaki. Kukusanya ahadi tumia Google Forms, kila mtu ajaze yake bila kuona ya mwenzake. Na neno ambalo huwezi kumwambia mjomba usoni, usiliandike kabisa.

5. Zima ugawaji wa kienyeji. Kwenye mipangilio ya kushirikisha, ondoa alama inayowaruhusu wahariri kualika wengine, na ile inayowaruhusu wasomaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Haitamzuia mtu kupiga picha kioo cha simu, ila itapunguza mengi.

6. Soma historia. Faili linatunza matoleo yake ya nyuma. Ukiona namba usiyoielewa, fungua historia ya matoleo uone nani alibadilisha na lini, kisha rudisha toleo zima. Lakini historia inasaidia ikiwa watu wameingia kwa akaunti zao. Mgeni asiye na akaunti anabaki kuwa mtu asiyejulikana.

7. Linda akaunti yako. Weka uthibitishaji wa hatua mbili, ili mtu akiijua nywila yako bado aombwe uthibitisho mwingine kwenye simu yako. Na ukifungua faili pale steshenari kwa ajili ya kuchapisha orodha, usiondoke kabla hujatoka kwenye akaunti. Wangapi tunasahau?

8. Shughuli ikiisha, funga. Harusi imepita, ondoa ruhusa zote na ufute namba za simu. Vilevile kwa kikoba, mtu akijitoa kwenye kikundi, atolewe na kwenye faili siku hiyohiyo.

Sheria nayo ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayosimamia. Msingi wake mmoja ni rahisi: taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana, na isizidi kinachohitajika. Namba ya mama mkubwa ilikusanywa ili apate kadi ya mwaliko. Watu mia moja walikuwa na haja nayo gani?

Na kama tapeli ameshapiga, usione aibu. Piga simu kwa mtandao wako haraka kuhusu muamala huo, na iripoti namba hiyo kupitia 15040 ya TCRA.

Na nyie wawili je?

Wapenzi wengi siku hizi wana jedwali la nyumbani: kodi, ada, mkopo wa kiwanja, hela ya kutuma kwa wazazi. Ni jambo zuri, linapunguza ugomvi. Lakini wapo wanaopeana nywila za barua pepe kama ishara ya mapenzi. Jamani! Nywila inafungua kila kitu: barua za kazini, picha, akaunti nyingine zote. Shirikishaneni faili, siyo nywila. Katika faili hilo wote wawili muwe wahariri, kwa sababu hela ni ya wote na kila mmoja ana la kuandika.

Kumbukeni pia kwamba faili lina mwenyewe. Aliyelifungua anaweza kuwatoa wengine au kulitupa kwenye kapu la taka. Hivyo kila mwezi mwenzake apakue kopi. Si kutoaminiana, simu huibiwa na akaunti hupotea. PIN ya simu na namba za kadi ya benki zisiingie humo hata mara moja. Majibu ya vipimo vya hospitali nayo yana mahali pake.

Na kama mwenzio hakukupa ruhusa ya faili la kikoba cha wanawake wenzake, usinune. Zile ni siri za watu ishirini, siyo zake peke yake. Anayeweza kutunza siri za wengine ndiye atakayetunza na zako.

Ilikuwaje mwisho?

Nilipanda basi mpaka Tabora. Nikaenda kwa mjomba nikiwa na mdogo wangu na shemeji, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Alininyamazia muda mrefu. Kisha akaniambia, “Mwanangu, ulichoandika ni kweli, sikuwa nimelipa. Kilichoniuma ni kukisoma mbele ya watu mia.”

Mama mkubwa kamati ilimhesabia elfu sitini yake kama imefika, viongozi watatu tukaichangia kutoka mifukoni mwetu, na yule wa pili hivyohivyo. Faili nililifunga usiku uleule. Harusi ilifanyika Isikizya, watu wakala wakacheza. Mjomba alikuja, na kadi ya watu wawili mkononi na ndoo ya asali begani. Ahadi yake alikuwa amemaliza.

Nami tangu siku hiyo, kabla sijatuma linki yoyote najiuliza swali moja: huyu ninayemtumia, kazi yake humu ndani ni ipi? Kama sina jibu, situmi. Fungua simu yako sasa hivi, angalia mafaili yako yako wazi kwa nani. Kazi kwako.