Spea Imekufa Mapema: Pesa Inarudije?

Muuzaji wa spea ukimrudishia kitu kibovu huwa na majibu yake tayari. Kwanza atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu. Akiona hilo halishiki, atakukumbusha kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeitaka hiyo hiyo. Yote yakishindikana, atakuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Wenye magari wa Mururu, wilayani Rusizi nchini Rwanda, wanaonunua Kamembe au wanaovuka mpaka wa Rusizi II kwenda Bukavu, humfikia mwanasheria wakiwa wameshayasikia yote matatu, na mara nyingi wakiwa wameshaitupa spea yenyewe. Sheria ipo, na si mbaya kwa mnunuzi. Kinachokosekana ni kitu cha kuweka mezani kwa hakimu.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 ya mwenendo wa mashauri ya madai inamtaka anayedai athibitishe anachodai. Kwa hiyo ugomvi hauwi juu ya kama beringi imekufa. Hilo hakuna anayelibishia, gari lenyewe limeegeshwa. Ugomvi ni nani aliyeiua, na jibu la kwanza la muuzaji, lile la fundi, ndilo linaloshinda kesi nyingi kwa sababu mara nyingine ni la kweli.

Tazama beringi ya gurudumu. Inatakiwa kuingizwa kwa presi, na nguvu ipite kwenye duara lile linalobanwa, isipite kwenye gololi. Fundi asiye na presi huchukua nyundo na kipande cha bomba. Gari hutoka gerejini kimya, kisha baada ya muda gurudumu linaanza kuvuma, na mvumo unabadilika ukikata kona. Ukiifungua beringi hiyo ukaifuta grisi kwenye sehemu moja tu, utaona vishimo vidogo kwenye njia ya gololi, vimeachana kwa nafasi sawasawa: kila kishimo ni mahali gololi ilipokuwa imekaa nyundo iliposhuka. Hapo muuzaji yuko huru na dai lako linahamia kwa fundi. Beringi ya chuma duni husema mengine. Njia ya gololi imebabuka magamba bila mpangilio, kingo hazina kovu la nyundo, na maandishi ya kampuni yamefutika kwa kusuguliwa na kidole. Na ikiwa chuma kimegeuka bluu, kilipata joto kali, basi jiandae kuulizwa habari za grisi na nati iliyokazwa kupita kiasi.

Pedi za breki ni rahisi zaidi kuzisoma, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa anayeteremka Bugarama au anayekatiza msitu wa Nyungwe na abiria. Kama ule msuguo umebanduka mzima kutoka kwenye bamba la chuma, gundi haikushika kiwandani, na ufungaji wa kawaida hauwezi kufanya hivyo. Lakini pedi ikiwa imelowa mafuta ya breki, iliyovuja ni silinda, na muuzaji wa pedi hahusiki.

Ndiyo maana spea iliyokufa haioshwi, haitupwi, wala haifungwi kwenye gazeti na kusahauliwa chini ya kiti. Kabla ya kufungua, mtumie muuzaji ujumbe kwamba saa fulani, gereji fulani, spea itafunguliwa, aje au atume mtu. Asipokuja, ujumbe unabaki, na Rwanda ina sheria inayotambua ujumbe wa kielektroniki na miamala yake. Piga picha ikiwa bado iko mahali pake, kisha ikiwa mkononi, na nyingine ya dashibodi inayoonyesha kilomita. Fundi wa pili, asiyekuwa yule aliyeifunga, aandike mistari michache: ameona nini, tarehe gani, saini. Uchunguzi wa maabara ni mzuri kwa injini ya mamilioni. Kwa beringi, uchunguzi huo utakula dai lote.

Jibu la pili, kwamba uliitaka hiyo hiyo, lina uzito wa pekee katika kona hii ya Afrika. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania, ambako spea nyingi hupitia au hutokea, wanaendesha kushoto, na vilevile Japani, ambako magari mengi ya mtumba yametumika kabla ya kukatwa vipande. Reki ya usukani iliyotoka kwenye gari lenye usukani wa kulia inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifae gari la Mururu. Taa za mbele nazo ni hivyo hivyo: zile za nchi za kushoto humwaga mwanga wake wa chini upande wa kushoto, na huku kwetu upande huo ndiko anakotoka mwenzako. Spea kama hiyo haina ubovu wowote. Ila siyo ya gari hilo. Na hapo anayeulizwa ni yule aliyeichagua.

Dawa yake ni ndogo mno hata watu wanaidharau. Mtumie muuzaji namba ya chesisi kwa maandishi kabla ya kulipa, umwambie, "Nitafutie ya gari hili." Akishapokea namba hiyo akakuletea isiyoingia, uchaguzi umekuwa wake. Ukimtajia kwa mdomo "ya Corolla" basi umechagua wewe, na Corolla ziko za kila namna.

Na spea ya okazyoni, ile iliyotumika, kutoka Dubai au Sharjah? Hapo umenunua na uchakavu wake, na hakuna hakimu atakayeshangaa kwamba shokapu la mtumba limechoka. Unachoweza kudai ni kile mlichoandikiana. Kama muuzaji amesema wiki mbili za garanti, wiki hizo mbili ziandikwe kwenye fakitire, pamoja na neno kwamba injini au giaboksi imejaribiwa. Maneno ya kaunta huwa mengi na matamu, lakini shahidi wake ni kijana wa duka.

Sasa ile karatasi ya ukutani. Kwa muda mrefu pande mbili za mto Ruzizi zilitawaliwa na maandishi yale yale juu ya mauzo: amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya Dola Huru la Kongo, ambayo Wabelgiji waliileta hadi Rwanda na Burundi. Ng'ambo, Kongo, bado ndiyo msingi. Inamwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika ambayo inakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi ana hiari: arudishe kitu arudishiwe bei, au abaki nacho arudishiwe sehemu. Muuzaji aliyeijua kasoro analipa pia hasara iliyofuata, na sharti lake la kujivua dhamana halimwokoi, sembuse karatasi ya ukutani. Asiyejua anarudisha bei na gharama za mauzo. Lakini dai lifunguliwe ndani ya muda mfupi, kwa kadiri ya aina ya kasoro na desturi ya mahali. Mtu aliyekaa na spea mbovu miezi kadhaa akisubiri muuzaji "apate nafasi" amejiumiza mwenyewe.

Rwanda ilijiandikia sheria yake ya mikataba mwaka 2011, na mwaka 2019 ikafuta kwa mkupuo mmoja sheria zote zilizotangulia uhuru. Sheria hiyo ya 2011 inasema mkataba uliofungwa kihalali unawafunga waliouingia, na inamruhusu aliyedanganywa juu ya jambo la msingi kuuvunja. Feki iliyouzwa kwa jina la orijino inaingia humo bila kusukumwa. Kuna pia sheria ya mwaka 2012 ya ushindani na ulinzi wa mlaji, na taasisi ya RICA, iliyoundwa kwa sheria ya 2017, inayopokea malalamiko na kukagua bidhaa madukani. Lalamika huko kwa faida ya wanunuzi watakaokuja. Pesa yako, kwa kawaida, utaipata kwa njia nyingine.

Njia ipi? Wengi wa Mururu hukimbilia abunzi, wapatanishi wa seli, na ni jambo la kueleweka: wako karibu, hawatozi, na sheria yao ya 2016 inawapa madai ya mikataba yasiyozidi faranga milioni 3. Ila sheria hiyo hiyo imewaondolea mikataba ya kibiashara. Dereva wa teksi aliyenunua spea dukani kwa ajili ya kazi yake anaweza kupoteza wiki kadhaa kisha akaambiwa mlango huo si wake. Aanzie MAJ, ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria, ambayo iko katika kila wilaya kati ya wilaya 30 na haidai malipo. Wao watamwambia, kwa kadiri ya kiasi na aina ya dai, ni mahakama ipi. Mahakama za biashara, zilizoanza mwaka 2008, ziko Nyarugenge, Huye na Musanze, na kwa mtu wa Rusizi safari ya Huye ni kuukatiza msitu mzima wa Nyungwe. Nafuu ni kwamba kesi sasa hufunguliwa kwa kompyuta kupitia mfumo wa IECMS, kwa hiyo barua ya madai, picha na fakitire vinaweza kutangulia bila mwenyewe kupanda basi. Kenya wamekwenda mbele zaidi: mahakama yao ya madai madogo inasikiliza hadi shilingi milioni moja, na sheria inataka ihukumu ndani ya siku 60. Mtu wa spea angependa kitu kama hicho Kamembe.

Wengine hutaka kwenda RIB, ofisi ya upelelezi wa jinai, moja kwa moja ili muuzaji atishike. Kujipatia mali ya mtu kwa udanganyifu ni kosa katika sheria ya jinai ya 2018, kifungo chake miaka miwili hadi mitatu. Lakini inabidi kuonyesha kwamba muuzaji alijua anadanganya. Muuzaji wa rejareja aliyepakuliwa boksi feki na msambazaji wake naye ni mtu aliyepigwa, na kesi ya jinai dhidi yake ikianguka, itakuwa imekula muda ambao ungeshalipwa.

Katika yote haya, karatasi moja inafanya kazi kuliko barua zote za wakili: fakitire ya EBM. Mashine hizo za mamlaka ya mapato zilianza mwaka 2013, na risiti yake ina namba ya mlipakodi ya muuzaji, tarehe, saa, na jina la kitu kilichouzwa. Muuzaji hawezi kusema hakuuza, wala kwamba duka lile lilikuwa la shemeji yake. Basi ndiyo maana unatajiwa bei mbili, ya fakitire na isiyo na fakitire, na tofauti yake inakaribia ile asilimia 18 ya kodi. Mnunuzi hudhani ameokoa pesa. Mimi naona amemuuzia muuzaji ushahidi wake, kwa bei ya chini. Tangu 2024 serikali humrudishia mlaji wa mwisho asilimia 10 ya kodi iliyo kwenye risiti yake, kwa hiyo hata hesabu ya kuokoa imepungua utamu. Ukilipa kwa MoMo, lipa kwenye namba ya biashara. Pesa iliyokwenda kwenye simu ya kijana wa kaunta itaitwa deni la kijana wa kaunta.

Ng'ambo ya mto hali ni nyingine kabisa. Hukumu ya Rwanda haimgusi mwenye duka Bukavu mpaka mahakama ya Kongo iipe nguvu ya kutekelezwa, na tangu waasi wa M23 wauteke mji huo Februari 2025, kuipangia kesi ya beringi safari kama hiyo ni kujichosha. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mahakama ya Jumuiya hiyo, iliyoko Arusha, haikuwekwa kwa ajili ya spea zako. Nchi tatu za mto huu zimeweza kuunda kampuni moja, SINELAC, zikagawana umeme wa Ruzizi II tangu 1989. Mnunuzi mdogo hajapata chombo chake. Na aliyepitisha spea bila kuitangaza forodhani ana tatizo la ziada, kwani kila karatasi atakayoitoa kumshtaki muuzaji inamshtaki na yeye.

Kwa hiyo anayenunua Bukavu ajilinde kwa pesa aliyonayo mkononi. Wafanyabiashara wanaojuana huacha baki: sehemu ya bei inabaki kwa mnunuzi mpaka gari litembee siku walizokubaliana. Muuzaji akikataa kuacha hata kidogo kwa mteja wa miaka, amekueleza anavyoiamini mali yake.

Likifika suala la kiasi, usidai bei ya spea peke yake. Weka ufundi wa kuifunga na wa kuifungua, gari la kuvuta, na kilichoharibika kwa sababu yake, kila kimoja na risiti yake. Siku ambazo teksi ililala zinadaiwa pia, ikiwa una daftari la mapato ya kabla. Ila kama gurudumu lilianza kuvuma Jumatatu ukaendelea kubeba abiria hadi Ijumaa likakwama, hasara ya siku hizo itakurudia wewe.

Muuzaji akitaka kumaliza nje ya mahakama, kubali kuzungumza, wengi humalizana hapo. Atakuomba umwachie spea aitume Kigali kwa msambazaji. Usimwachie bila karatasi inayosema ameipokea, ikiwa katika hali gani, na lini atajibu. Spea iliyokwenda Kigali bila karatasi haijulikani ilipo tena. Akikupa nyingine badala ya pesa, iandikiwe garanti yake upya, na aseme nani analipa ufundi wa mara ya pili. Na ile hati ya kwamba huna dai tena, itie saini ujumbe wa pesa ukishaingia kwenye simu.